Pacemaker na Corosync Ndani ya Debian 12: Uhakiki wa Vifurushi na Vitegemezi Vyake

Ukiandika amri moja tu ya kusakinisha Pacemaker kwenye Debian 12, muda si mrefu kompyuta yako hujitangaza kuwa klasta kamili, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Klasta hiyo ina jina, nalo ni debian. Ina mwanachama mmoja, naye ni node1. Na mwanachama huyo ana anwani ya 127.0.0.1, yaani kompyuta inazungumza na nafsi yake. Huduma zimewaka, akidi imetimia, wala hakuna kosa linaloripotiwa. Kwa programu ambayo kazi yake yote ni kuzifanya kompyuta kadhaa zikubaliane, huo ni mwanzo wa ajabu, na ndani yake limo karibu kila jambo ninalotaka kulisema kuhusu vifurushi hivi: vimetengenezwa kwa ustadi na watu wanaoijua kazi yao, lakini kanuni walizozifuata huitazama kompyuta moja moja, ilhali klasta haikai ndani ya kompyuta moja.

Nimevipima vifurushi hivi kwenye kompyuta tatu za kidhahania, zote zikiwa na Debian 12 iliyotolewa Juni 2023, ambayo imebeba Pacemaker 2.1.5 na Corosync 3.1.7. Sikupima kasi. Nilitaka kujua kama msimamizi wa mifumo anaweza kuitegemea hazina ya Debian peke yake, bila kukusanya msimbo chanzo kutoka huku na huku, akajenga klasta ya kuaminika. Swali hilo lina uzito wa kifedha pia, kwa kuwa Red Hat na SUSE huuza sehemu hii ya mfumo kama nyongeza yenye usajili wake, wakati Debian huiweka katika hazina yake kuu bila malipo.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na jozi hii, mgawanyo wa kazi ni rahisi kuueleza. Corosync ndiyo inayopeleka ujumbe kati ya kompyuta, kuhesabu nani yupo na nani hayupo, na kuamua kama akidi imetimia. Neno akidi hapa lina maana ileile ya kwenye vikao, kwamba waliohudhuria wakiwa pungufu ya idadi inayotakiwa hakuna uamuzi halali. Pacemaker huketi juu yake na kuamua huduma ipi iendeshwe wapi, na ikifa ihamishiwe kwa nani. Chini ya zote mbili kuna libqb, maktaba ya kumbukumbu za matukio na ya mawasiliano kati ya programu zilizo ndani ya kompyuta moja, na tangu Corosync 3 kuna Kronosnet, ambayo hubeba ujumbe kupitia hadi njia nane za mtandao kwa pamoja, ikiusimba na hata kuubana ikitakiwa. Pembeni kuna resource-agents na fence-agents, makusanyo mawili ya hati za kuendesha huduma na za kuzima kompyuta zilizoasi.

Sehemu ya maktaba ndiyo iliyonivutia zaidi. Mradi wa Pacemaker hutoa msimbo wake kama furushi moja, lakini Debian huugawa katika vifurushi vingi: huduma zenyewe, zana za mstari wa amri, faili za pamoja, sehemu ya kompyuta za mbali, nyaraka, kisha kila maktaba peke yake, ikiwa imebeba namba yake ndani ya jina, kama vile libcib27 na libcrmcommon34. Anayekutana na orodha hiyo kwa mara ya kwanza huiona kama usumbufu wa makusudi. Sivyo. Namba hiyo hubadilika pale tu maktaba inapovunja ahadi yake kwa programu zinazoitumia, na kwa kuwa jina la kifurushi hubadilika pamoja nayo, toleo la zamani na jipya huweza kukaa pamoja kwenye kompyuta moja mpaka programu zote ziwe zimejengwa upya. Zaidi ya hapo, watunzaji huweka faili za alama zinazorekodi kila kitendakazi kiliingia maktaba katika toleo gani, hivyo kifurushi kinachotumia vitendakazi vya zamani tu hakilazimishwi kudai toleo jipya. Kazi hii haionekani wala haisifiwi, lakini ndiyo inayokuwezesha kusasisha maktaba moja usiku wa manane bila kuvuta nusu ya mfumo nyuma yake.

Libqb inatosha kuonyesha kwa nini uangalifu huo unahitajika. Katika mwaka 2017 binutils 2.29, ambayo ndiyo inayounganisha vipande vya programu kuwa faili moja inayotekelezeka, ilibadilisha namna inavyoshughulikia alama fulani za mwanzo na mwisho wa sehemu za faili. Libqb ilikuwa imeegemea tabia ya zamani ili kukusanya mahali pote panapoandika kumbukumbu za matukio, na mabadiliko hayo yakauvuruga utaratibu wake wa kuandika kumbukumbu ingawa hakuna aliyegusa mstari hata mmoja wa msimbo wake. Libqb 2.0 ya mwaka 2020 ilikuja na namba mpya ya maktaba, libqb0 ikawa libqb100 katika Debian, na kila kinachoitegemea kikalazimika kujengwa upya. Miongoni mwa vinavyoitegemea imo USBGuard, programu ya kuzuia vifaa vya USB visivyoaminika, isiyo na uhusiano wowote na klasta. Mtunzaji wa maktaba ya aina hii hufanya kazi kwa niaba ya watu ambao hata hawajui kwamba wanaitumia.

Uangalifu huo umewahi kuwa na gharama. Debian 8, iliyotolewa Aprili 2015, ilitoka bila Pacemaker kabisa. Vifurushi havikuwa vimefikia kiwango kinachotakiwa, na sheria ya Debian haina upendeleo: kisichofikia kiwango hakiingii katika toleo imara, hata kama watu wanakitegemea. Mwaka 2016 vilirejea kupitia hazina ya nyongeza, na tangu Debian 9 ya mwaka 2017 vimekuwemo katika kila toleo. Wapo wanaoikumbuka Debian 8 kama dosari isiyosameheka. Mimi naona ni afadhali msimamizi akose kifurushi kuliko kukabidhiwa kilichooza, hasa cha programu ambayo ikikosea huandika data mara mbili kwenye diski moja.

Sasa nirudi kwa yule node1. Debian ina desturi ya miaka mingi kwamba huduma ikisakinishwa huwashwa papo hapo, ikiwa na usanidi wa kuanzia unaofanya kazi. Kwa seva ya wavuti au ya barua desturi hiyo ni nzuri, kwani mtu huona matokeo kabla hajasoma ukurasa wowote wa maelekezo. Kwa klasta inageuka kikwazo. Ukitaka kujenga klasta yako kwa pcs, zana ambayo wengi huitumia, hatua ya kuunda klasta hukataa na kukueleza kwamba kompyuta hizo tayari ni wanachama wa klasta nyingine, kwa sababu imezikuta huduma zikienda na faili za usanidi zikiwa mahali pake. Lazima kwanza uiangamize klasta ambayo hukuiomba, kwenye kila kompyuta, ndipo uunde yako. Au utumie kigezo cha kulazimisha, ambacho ni tabia mbaya kumfundisha mtu siku yake ya kwanza. Ukichagua kuandika faili ya Corosync kwa mkono bila kufuta hali iliyohifadhiwa, jina la node1 linaweza kubaki katika orodha ya wanachama, likionyeshwa kuwa halipo hewani, kama mpangaji aliyehama zamani lakini jina lake bado limebandikwa mlangoni.

Dawa ipo, na anayeijua Debian vizuri ataifikiria mapema: kuzifungia huduma hizo katika systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za kompyuta, kabla ya kusakinisha, au kuweka hati ya policy-rc.d inayojibu kwa msimbo wa 101 ili kisakinishi kisiwashe chochote. Zote mbili hufanya kazi sawasawa. Hoja yangu ni kwamba usanidi wa mfano ungeweza kuwekwa katika saraka ya nyaraka, na huduma ikabaki imezimwa mpaka mwenye kompyuta aseme. Klasta yenye mwanachama mmoja haimfai mtu yeyote isipokuwa majaribio ya kiotomatiki ya vifurushi vyenyewe.

Hapa ndipo kikomo cha mfumo wa vitegemezi kinapoonekana wazi. Programu ya apt, ambayo ndiyo husakinisha vifurushi, inajua kwamba Pacemaker inahitaji libqb, na itakataa kuiacha bila hiyo. Haijui, wala haiwezi kujua, kwamba Corosync ya kompyuta hii, usimbaji ukiwa umewashwa, inahitaji faili ya /etc/corosync/authkey iliyo sawa kabisa, baiti kwa baiti, na ile ya kompyuta ya pili na ya tatu. Ufunguo huo wa baiti 256 hutengenezwa na corosync-keygen mahali pamoja na kunakiliwa kwingine, na kompyuta zikiwa na funguo tofauti kila moja hukaa ikiwaita wenzake wasioitika, huku dpkg, msajili wa vifurushi vya Debian, ikiripoti kwamba kila kitu kimesakinishwa barabara. Niliusahau ufunguo huo kwenye kompyuta ya tatu, nikapoteza robo saa nikichunguza kinga ya mtandao na mlango wa 5405 wa UDP, kumbe kosa lilikuwa langu. Vivyo hivyo mtumiaji hacluster: kifurushi humuunda, lakini nenosiri ambalo pcs hulihitaji ili kompyuta zitambuane kupitia mlango wa 2224 ni lazima uliweke mwenyewe, kila mahali. Vitegemezi vizito zaidi vya klasta ni vile vilivyo kati ya kompyuta na kompyuta, na hivyo havina safu katika faili ya control, ile inayoorodhesha vitegemezi, ya kifurushi chochote.

Ni haki kusema kwamba pcs huwapunguzia watu mzigo huo, kwa kuwa baada ya utambulisho husambaza yenyewe faili ya usanidi na funguo. Lakini nayo huja na ukoo wake mkubwa: imeandikwa kwa Python, sehemu ya huduma yake bado ni Ruby, na mtu anayependa seva nyembamba atashtuka akiona maktaba za lugha mbili zikiingia kwa ajili ya zana moja ya usimamizi. Mbadala ni crmsh, nayo ya Python, ambayo lugha yake ya usanidi husomeka kama sentensi na mimi binafsi huipenda zaidi. Debian ina zote mbili. Chagua moja na ushikamane nayo, kwa sababu maelekezo ya hii hayafai kwa ile.

Kuhusu mkusanyo wa resource-agents sina malalamiko makubwa, ila tahadhari moja. Hati zake zinajua kuendesha huduma chungu nzima, kuanzia anwani ya IP inayohamahama mpaka hifadhidata, na watunzaji wamefanya busara kutozifanya huduma hizo zote kuwa vitegemezi vya lazima. La sivyo kusakinisha hati moja ya anwani kungekuletea PostgreSQL na MariaDB kwa pamoja. Tahadhari yenyewe inahusu njia za faili. Hati ya PostgreSQL, kwa asili yake, hutarajia kuikuta pg_ctl katika /usr/bin, wakati Debian huihifadhi katika saraka ya /usr/lib/postgresql yenye namba ya toleo, na usanidi huuweka /etc/postgresql. Lazima vigezo hivyo uvitaje mwenyewe. Pia PostgreSQL ya Debian ikisakinishwa huunda hazina ya data na kuiwasha mara moja, na Debian, kwa mzaha wa historia, huiita hazina hiyo klasta, ingawa imo ndani ya kompyuta moja. Usipoizima katika systemd, itakuwa na mabwana wawili, systemd ikiiwasha wakati wa kuwaka kwa kompyuta na Pacemaker ikishangaa nani ameiwasha.

Fence-agents inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kompyuta mbili zinazoamini kila moja kwamba yenyewe ndiyo mmiliki wa diski ya pamoja zitaiharibu data iliyomo. Ndiyo maana Pacemaker, kwa chaguo lake la msingi, hukataa kuanzisha huduma yoyote mpaka uipe njia ya kuizima kwa nguvu kompyuta isiyoitika, na Debian imeliacha chaguo hilo kama lilivyo, jambo ninaloliunga mkono. Hati za kuzima ni nyingi, karibu zote za Python, kila moja ikilenga kifaa chake: kidhibiti cha IPMI kilicho ndani ya seva, swichi ya umeme, mfumo wa kompyuta za kidhahania, watoa huduma wa wingu. Kila moja ina mahitaji yake; ile ya IPMI huita ipmitool, ile ya wingu la AWS huhitaji boto3, maktaba ya Python. Debian ina ngazi tatu za kuyaeleza mahitaji kama haya, yaani lazima, pendekezo na dokezo, na kwa mkusanyo wa namna hii ngazi za chini ndizo zenye mantiki, kwa kuwa mwenye seva za IPMI hana haja ya maktaba za wingu. Ila wasimamizi wengi wa seva wamezoea kuyazima mapendekezo wanaposakinisha, na kwa tabia hiyo mtu anaweza kuwa na hati isiyo na chombo inachokiita. Kosa hilo hujificha mpaka saa ya dharura. Kwa hiyo baada ya kusakinisha, izime kompyuta mojawapo kwa kutumia hati hiyohiyo, ukiwa macho, mchana, kabla haijalazimika kuzimwa usiku.

Mgawanyo wa vifurushi unaonyesha thamani yake halisi katika corosync-qnetd. Klasta ya kompyuta mbili haina wingi wa kura wa maana, kwani mmoja akipotea anayebaki ana nusu tu. Corosync ina kigezo cha two_node kwa hali hiyo, ambacho huambatana na sharti la kuwaona wanachama wote kwanza kabla ya kuanza kazi, lakini suluhisho bora ni kura ya tatu kutoka nje. Debian imekitenga corosync-qnetd, kifurushi cha msuluhishi anayetoa kura hiyo, na kile cha corosync-qdevice kinachowekwa kwenye wanachama, hivyo kompyuta ya tatu inaweza kuwa dhaifu kabisa, bila Pacemaker, bila hati za huduma, ikisikiliza tu katika mlango wa 5403 wa TCP. Msuluhishi mmoja anaweza kuhudumia klasta kadhaa.

Kuhusu kusasisha kutoka toleo moja la Debian hadi lingine, historia inatoa onyo. Debian 9 ilikuwa na Corosync 2 na Debian 10 ikaja na Corosync 3, ambayo ujumbe wake wa mtandaoni, kwa usanidi wa kawaida, hauelewani na ule wa zamani. Pacemaker yenyewe iliruhusu kusasisha kompyuta moja baada ya nyingine, lakini tabaka la chini likakataa, na mpango mzuri wa kuhamisha huduma kompyuta baada ya kompyuta ukawa hauna maana. Mradi wa Proxmox, ambao bidhaa yake imejengwa juu ya Debian, uliwaelekeza watumiaji wake kuipandisha Corosync kwanza, peke yake, kwenye kompyuta zote, ndipo wasasishe mfumo. Apt haiwezi kutoa ushauri wa namna hiyo. Kutoka Debian 10 hadi 12 sehemu hiyo imekuwa tulivu, kwa sababu Corosync imebaki katika mfululizo wa 3, lakini bado kila kompyuta inapaswa kupumzishwa, huduma zake zikahamia kwingine, kabla hujaanza kuisasisha.

Jaribio langu la mwisho lilikuwa kuukata mtandao wa mojawapo ya kompyuta tatu. Tangu Corosync 3.1, muda wa msingi wa kungoja ujumbe ni milisekunde 3000, na huongezeka kwa 650 kwa kila mwanachama anayezidi wawili, kwa hiyo klasta ya watatu hungoja milisekunde 3650 kabla ya kuhesabu kwamba mwenzao amepotea. Niliukata mtandao, wawili waliobaki wakaafikiana kwamba wana akidi, hati ya kuzima ikaitwa, na ile anwani ya IP haikuhamia kwa mwingine mpaka hati iliporudisha jibu kwamba kompyuta iliyopotea imezimwa kweli. Nilirudia jaribio hilo nikiwa nimeondoa kwa makusudi chombo ambacho hati hiyo hukiita. Anwani haikuhama kabisa. Pacemaker iliendelea kujaribu kuzima, ikishindwa na kujaribu tena, nayo orodha ya dpkg ikaendelea kuonyesha kwamba fence-agents imesakinishwa vizuri.